Kuna Vibaya Kuliko Hivi

Wivu wa Gosse Hoekema ulianza na maneno manne, na maneno yenyewe hakuambiwa yeye.

Watu wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hawasifu. Ng'ombe wako akizaa mapacha na wote wakasimama, jirani atakuambia si haba. Bibi harusi akipendeza mpaka mchungaji akapoteza ukurasa, shangazi zake watasema leo kachana nywele. Na ukifanya jambo la kutikisa dunia, ukabahatika kuwa na mzee mwenye roho nyepesi, ataangalia pembeni na kukuambia: kuna vibaya kuliko hivi. Basi, hapo ndipo kileleni, juu ya hapo hakuna sifa nyingine. Wapo wanaume kule waliozikwa na medali zao bila kuyasikia maneno hayo.

Gosse alikuwa ameshapita miaka thelathini na baba yake, mzee Oene, hajapata kumwambia. Alipochukua ubingwa wa vijana wa nchi nzima wa kuteleza kwenye barafu, mzee alisema barafu ya siku ile ilikuwa nzuri. Aliporudi kutoka Norway na medali ya fedha ya dunia, mzee alimpokea stesheni akamuuliza kama amekula. Gosse hakulalamika. Alijua ndivyo Heit alivyo, maana kule baba ni Heit na mama ni Mem, na mtu hagombani na baba yake kwa sababu ya maneno manne. Alimezea, akaendelea kuteleza. Lakini tusidanganyane, kila alipovuka mstari wa mwisho kitu cha kwanza kutafuta hakikuwa ubao wa muda. Alitafuta ile kofia ya kijivu ya Heit jukwaani.

Halafu akaja Riemer.

Riemer Postma alitoka visiwani, kaskazini, ambako upepo ni mwingi na uwanja wa barafu hakuna. Alikuwa kijana wa sekondari bado, miguu mirefu, masikio mekundu, na kocha Lubbert alimtafutia nyumba ya kukaa karibu na uwanja wa Heerenveen. Shamba la mzee Oene liko pale pale, ukipanda baiskeli hata jasho halijatoka umefika, na chumba cha Gosse kilikuwa kitupu tangu alipohamia mjini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa, hilo siwezi kukataa, kwa kuwa mzee Oene hana mkate wa bure: kijana alikamua ng'ombe kabla ya mazoezi na kusafisha zizi baada ya mazoezi. Ila pamoja na jembe alipewa kitanda cha Gosse, kiti cha Gosse mezani, na ile ndoano ya nyuma ya mlango ambayo koti la Gosse lilikuwa limening'inia tangu akiwa mdogo.

Majira ya baridi ya kwanza mfereji wa nyuma ya zizi uliganda. Jumapili ile Gosse alikuwa amekuja kula supu ya njegere kwa Mem, wakatoka wote kumwangalia kijana akijaribu barafu ya asili. Riemer akainama, akasukuma mara mbili, mara tatu, akapita mbele yao bila sauti, akaenda mpaka daraja la jirani akarudi. Mzee Oene alikuwa amesimama, mikono mfukoni, kiko kimezimika mdomoni. Akakitoa kile kiko. Akasema, "Kuna vibaya kuliko hivi."

Gosse alicheka jino pembe. Alimpiga kijana bega akamwambia karibu kwenye familia. Halafu akaingia ndani kula supu yake, na ile supu haikushuka. Miaka yote ile, na medali zote zile zimepangwa juu ya kabati la Mem, na maneno amepewa mtoto wa watu kwa kuteleza kwenye mtaro wa ng'ombe.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu, na mwenye wivu akianza kuhesabu hamalizi. Mwanzo kijana alimwita mzee bwana Hoekema. Baadaye akamwita Oene. Siku moja mezani, mdomo umejaa mkate wa sukari, akasema, "Heit, nisogezee siagi."

"Heit wa nani?" Gosse akamuuliza.

Mem alicheka, akadhani ni utani. Riemer masikio yakaiva. Mzee Oene aliisogeza siagi, na baada ya kufikiri kidogo akasogeza na jibini.

Yote hayo Gosse angeyabeba. Kilichomkata maini hasa ni jiwe.

Lazima mjue kwamba mtelezaji wa kule hanolewi vyuma vyake na mtu. Mchezaji wa mpira atampa mwingine viatu vyake avipige rangi, lakini chuma cha chini ya kiatu cha barafu unanoa mwenyewe, hata ukiwa bingwa wa dunia, hata ukiwa na homa. Unavibana vyote viwili kwenye kibano, nyayo juu, unapitisha jiwe, unapitisha tena, halafu unaondoa vile vinyweleo vya chuma vinavyobaki ukingoni, vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Mzee Oene alikuwa na jiwe jeusi la babu yake, limeshiba mafuta, na kila kiangazi alilisawazisha liwe tambarare kama meza. Gosse alijifunzia juu ya jiwe hilo kabla hajajua kusoma. "Ukucha, siyo jicho," Heit alikuwa akimwambia, na kumshika dole gumba alipitishe ukingoni. Na siku alizopoteza mbio akarudi nyumbani akavitupa viatu chini, Heit aliviokota, akavifuta, akasema, "Chuma hakina kosa." Malezi ya mzee Oene yalikuwa hayo tu, sentensi mbili, na Gosse alizitunza.

Jiwe hakuahidiwa, lakini nani mwingine angelirithi? Hana kaka, hana dada.

Riemer alipotimiza miaka ishirini, viti vilipangwa duara sebuleni kama ilivyo desturi, keki ya rangi ya chungwa ikakatwa, majirani wakaingia mmoja mmoja. Na kwa desturi ya kule hapongezwi mwenye siku yake peke yake. Unazunguka duara zima unampa mkono kila mtu wa karibu naye. Gosse akakaa akasikiliza majirani wakimpa mkono baba yake: hongera kwa kijana wako, Oene. Hongera kwa kijana wako. Na mzee anaitikia asante, asante, hata hakohoi. Mpaka jirani mmoja mwenye kupenda mzaha akamfikia Gosse mwenyewe, akamkamata mkono akautikisa. "Hongera kwa mdogo wako, Gosse. Sasa kazi unayo."

Kisha mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kimefungwa kitambaani, akakiweka juu ya magoti ya Riemer. Gosse hakuhitaji kuona. Aliijua harufu ya yale mafuta.

"Gosse ana la kisasa," mzee alisema, kwa wote na kwa hakuna mtu.

Ni kweli alikuwa na la kisasa, amelinunua mwenyewe, la bei mbaya. Alikula keki yake mpaka mwisho. Alikufa kiofisa.

Sasa mashindano ya dunia ya mbio fupi yakaletwa Heerenveen, nyumbani. Siku mbili, kila siku mita mia tano na mita elfu, halafu matokeo yote manne yanajumlishwa na bingwa ni mmoja. Walikuja Wajapani wenye miondoko myepesi, Wakanada wenye mapaja ya kutisha, Mkazaki mmoja ambaye kila mtu alimwogopa. Wote wakaachwa. Ilipofika mbio ya mwisho kabisa, mita elfu ya siku ya pili, waliobaki na nafasi ya ubingwa walikuwa wawili, wamekaribiana kiasi kwamba atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa. Na ratiba iliwaweka pamoja, jozi ya mwisho: Gosse Hoekema na Riemer Postma.

Magazeti yalishangilia, meza moja, bakuli moja la supu, mabingwa wawili. Gosse aliyasoma akayakunja. Kwa miguu yake hii, mwaka mwingine kama huu haupo, na hilo alilijua kuliko kocha. Lakini ubingwa haukuwa kiu yake hasa. Asubuhi ile akifunga begi alijiambia waziwazi, kwa sauti, peke yake jikoni: nikimpiga huyu leo, mbele ya Heit, Heit atasema. Hana pa kukimbilia. Atasema.

Mzee Oene na Mem walikaa jukwaani karibu na kona ya mwisho, na chupa yao ya kahawa. Kofia ya kijivu ilionekana kutoka mbali.

Mbio hizi wanateleza wawili wawili. Mmoja anaanza njia ya ndani, mwenzake ya nje, na kila wakifika upande ule wa mbali wanabadilishana njia, ili haki itendeke, kwa sababu kona ya ndani ni fupi. Wakifika hapo mmoja mbele mmoja nyuma, hakuna shida. Wakifika bega kwa bega, sheria ni moja: anayetoka ndani ampishe anayetoka nje. Mtoto wa kule anaijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, anafundishwa kwenye mifereji na kaka zake kwa makofi. Na ni sheria chungu. Anayepisha lazima anyanyue mgongo na apunguze, na kwenye mbio fupi aliyepunguza kaisha.

Gosse alianza nje. Bunduki ilipolia aliondoka vizuri, miguu ikaitikia, na kelele za watu zikawa kitu kimoja kinachomsukuma kwa nyuma. Kubadilishana kwa kwanza kulipita salama, Riemer akiwa nyuma kidogo. Gosse akaingia njia ya ndani, akabana kona, akapita mbele ya kofia ya kijivu bila kuiangalia, akabana kona nyingine, na akatoka kwenye ule unyoofu wa mbali akijiona anaruka.

Hapo akamwona. Riemer alikuwa pembeni yake, upande wa nje, sambamba kabisa, kichwa chini, mkono mmoja mgongoni. Sasa Gosse ndiye anayetoka ndani. Gosse ndiye wa kupisha.

Muda ulikuwepo, wala msimsingizie shetani. Alikuwa na nafasi ya kufikiri jambo moja, na jambo alilolifikiria ni hili: kitanda nilimpisha, kiti nilimpisha, jiwe nilimpisha. Hapa simpishi.

Akaendelea kusukuma, akakata kwenda nje.

Vyuma viligusana. Sauti yake ilikuwa ndogo, kijiko na kikombe. Riemer aliyumba, akaweka kiganja kwenye barafu, akazunguka nusu, na kwa maajabu hakuanguka. Alisimama wima katikati ya njia akimwangalia mwenzake akienda. Gosse alikwenda. Akaimaliza ile kona ya nje kwa nguvu ambazo hajui alizitoa wapi, akavuka mstari, na jina lake likapanda juu ya ubao, la kwanza, limeandikwa kwa taa.

Watu wa Friesland wanajua kushangilia adui akishinda kwa haki, na walinyamaza. Gosse akageuka kutafuta kofia ya kijivu, akaiona. Mzee alikuwa akifunga kifuniko cha chupa ya kahawa, taratibu, anakizungusha, anakizungusha. Mwamuzi akanyanyua mkono. Jina likafutwa kwenye ubao, na watu wakapiga makofi kidogo, ya adabu, kwa mwamuzi.

Riemer alikuwa amezuiwa bila kosa lake, kwa hiyo sheria ilimpa haki ya kurudia mbio, peke yake, baada ya kupumzika nusu saa; asipopata muda mzuri, jumla yake ingeharibika na ubingwa ungemwendea Mkazaki.

Gosse alijivuta mpaka chumba cha kubadilishia nguo akitaka kuvua, kuvaa na kupotea kabla mtu hajamtazama usoni. Akafungua mlango akamkuta Riemer. Kocha Lubbert alikuwa bado kwa waamuzi, wengine wameshatoka, walikuwa wawili tu. Kijana amekaa kwenye benchi, viatu vimebanwa kwenye kibano juu ya magoti, jiwe jeusi mkononi. Chuma cha kushoto kilikuwa na pengo pale vilipogusana, dogo, lakini kwa chuma cha mbio fupi pengo lile ni shimo barabarani. Alipitisha jiwe likaruka, akapitisha tena likachora mstari mahali pasipotakiwa.

Gosse alisimama akaangalia. Alitegemea kusikia raha kidogo, kusema kweli, maana mtu akimwaga mchele wake anapenda na wa jirani umwagike. Raha haikuja. Kilichokuja ni uchungu wa lile jiwe, jinsi lilivyoshikwa vibaya.

"Unakiua hicho chuma," akasema.

Riemer hakunyanyua kichwa. "Mikono haitulii, kaka. Nimejaribu."

"Lete hapa."

"Uli..." Kijana akamwangalia sasa, macho mekundu. "Umetoka kunigonga sasa hivi, Gosse. Uliniona. Najua uliniona."

"Nilikuona. Lete hapa."

Sauti ya mtangazaji ilipita ukutani ikieleza watu wasiondoke. Kisha Riemer akampa kibano, akampa na jiwe, na Gosse akakaa mahali pake kwenye benchi.

Lilikuwa jiwe lile lile. Vidole vyake vilikuta sehemu zao bila kutafuta. Akapitisha mara ya kwanza, ndefu, bila kukandamiza, na pengo likaanza kupungua. Akapitisha tena na tena. Alinoa kama alivyofundishwa na mtu mwenye kofia ya kijivu, na kwa muda alisahau ni vyuma vya nani.

Mwishoni vikabaki vile vinyweleo vya ukingoni, na hapo akakumbuka. Kuviondoa ni kazi ya pumzi chache. Kuviacha ni rahisi zaidi: upande mmoja tu, vidogo, hakuna jicho litakaloviona, na kwenye kona ya mwisho mguu wa kushoto utakataa kushika barafu. Riemer ataanguka. Mkazaki atachukua, au yeyote, basi tu asiwe huyu. Alimchukia yule kijana, masikio yake, magoti yake, ile namna alivyokaa pale anamwamini kama mjinga.

Chuma hakina kosa.

Akaviondoa. Upande huu, upande ule, akapitisha ukucha wa dole gumba, akarudia mahali pamoja ambapo hakuridhika, akapitisha ukucha tena. Katika maisha yake hakuwahi kunoa vizuri namna ile, hata vya kwake.

"Sikiliza," akasema, akimrudishia. "Usimwambie mtu nimevigusa mimi. Lubbert akisikia atavikataa, atasema nimeviharibu, na muda wa kunoa tena huna. Umenielewa? Si Lubbert, si mwandishi, si yeyote."

"Hata Heit?"

"Heit ndiyo kabisa." Hakutaka mzee ajue kwamba amempigia magoti kijana huyu. Aibu ya leo ilitosha.

"Nakupa neno langu," Riemer akasema, na wakashikana mikono. Kule neno likishashikiwa mkono halirudishwi.

Gosse alisikilizia mbio kutoka kwenye njia ya chini ya jukwaa. Hakuwa na haja ya kuona. Uwanja mzima ulikuwa ukipiga makofi kwa mdundo mmoja kumsindikiza mtu mmoja, na katikati ya makofi yeye alisikiliza chuma. Chuma kibaya kinakwaruza kwenye kona. Hiki kilinong'ona. Kona ya kwanza kilinong'ona, ya pili, ya tatu, na kwenye ile ya mwisho, alipojua miguu ya kijana imekwisha, chuma kilishika barafu na hakikuachia. Paa likataka kung'oka kwa kelele. Gosse aliegemea ukuta, na roho ikamuuma mpaka akacheka.

Alikuwa amevaa koti tayari, anafunga begi, mlango ulipofunguliwa. Riemer aliingia na shada la maua na medali, anapumua kwa mdomo, na nyuma yake mzee Oene, kofia mkononi, miwani imeingia ukungu. Mem alibaki kwenye gari kulinda sufuria ya supu, maana supu ya kusherehekea ilikuwa imeshapikwa, bila kujua itakuwa ya nani.

Mzee aliifuta miwani. Akamwangalia mwanawe.

"Ulimwona?"

Gosse angeweza kudanganya. Wengi hudanganya, husema kichwa kilikuwa chini. "Nilimwona, Heit."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya ng'ombe. Akageuka kwenye benchi ambako Riemer alikuwa ameweka viatu, akakichukua cha kushoto, kile kilichogongwa. Alikuwa amekuja kutazama uharibifu. Akakipindua juu. Akapitisha ukucha wa dole gumba, kutoka kisigino mpaka ncha. Akasimama. Akapitisha tena, upande wa pili, macho ameyafumba. Akakichukua na cha kulia akafanya hivyo hivyo, na alichukua muda mrefu, mpaka Riemer akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

Vyuma vimetoka kukimbia mbio nzima na makali bado yamekaa. Gosse alijua ukucha ule unasikia nini. Alijua kila mahali ulipopita, na pale ulipopunguza mwendo alijua ni pale aliporudia.

Mzee Oene akafumbua macho, akamwangalia Riemer.

"Kuna vibaya kuliko hivi," akasema.

Masikio ya Riemer yaliwaka. Akafungua mdomo, akamwangalia Gosse, na yale macho yalikuwa yanaomba: nifungue, kaka, niruhusu niseme. Gosse alijua ingetosha aitikie kwa kichwa. Au angeweza kusema mwenyewe. Ni mimi, Heit. Maneno matatu tu. Lakini ni nani angesema maneno hayo? Mtu aliyekata njia ya mwenzake mbele ya watu wote, na sasa anadai sifa? Ingesikika kama wivu. Na ungekuwa wivu kweli, maana alikuwa amesimama pale, mtu mzima, anaumwa roho kwa ajili ya mikono yake mwenyewe.

Riemer akafumba mdomo. Neno lake alikuwa amelitoa.

Mzee akavifuta vile vyuma kwa kitambaa chake cha mfukoni, kimoja baada ya kingine. Halafu akamsogezea Gosse kiatu kimoja karibu na uso, ili aone vizuri, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, ilikuwa ile ile ya zamani, ya utotoni, alipokuwa akimshika dole gumba.

"Umeona, Gosse? Hivi ndivyo mtu ananoa."

"Nimeona, Heit," Gosse akasema, akabeba begi lake wakaenda kula supu.